Namba Sahihi, Mgonjwa Hatarini: Mtaala wa Uuguzi Unapogeuzwa Kufuata Umahiri

Mwanachuo wa uuguzi, mwaka wa mwisho, anapita kitanda hadi kitanda akichukua vipimo vya asubuhi. Kitanda cha sita amelala mzee aliyefanyiwa upasuaji wa tumbo juzi. Pumzi 28 kwa dakika. Mapigo ya moyo 118. Presha 98 kwa 60. Joto 38.7. Oksijeni asilimia 94. Anaziandika kwenye chati kwa mwandiko wa kupendeza, anamfunika mzee shuka vizuri, anasukuma toroli kwenda kitanda cha saba.

Kila namba aliyoandika ni sahihi. Mkanda wa presha aliufunga mahali pake, pumzi alizihesabu dakika nzima bila kukisia. Kwenye mtihani wa stadi angezoa alama zote. Lakini mzee yule yuko hatarini. Zipeleke namba hizo kwenye NEWS2, jedwali la tahadhari linalotumika Uingereza: pumzi pointi 3, mapigo 2, presha 2, joto 1, oksijeni 1. Jumla 9, na kuanzia 7 jedwali linataka timu ya dharura iitwe. Huenda mshono wa ndani umeachia, huenda maambukizi yameshaingia kwenye damu. Mwanachuo wetu, wakati huo, yuko kitanda cha nane.

Alaumiwe nani? Binti huyu hakuzembea. Chuo kilimfundisha kupima, kikamtahini kupima, akafaulu kupima. Maambukizi baada ya upasuaji aliyasoma mwaka wa pili, kwa mkufunzi mwingine, kwenye karatasi nyingine ya mtihani, akapata 71. Kilichokosekana ni siku moja tu ya mtu kusimama pembeni yake kuona kama hayo mawili yanakutana kichwani mwake mbele ya mgonjwa. Kelele zote unazozisikia kuhusu mtaala wa umahiri, ukizichambua, zinaishia kwenye siku hiyo moja iliyokosekana.

Umahiri ni kitu gani hasa

Neno hili limetumika mpaka limechakaa. Linaandikwa kwenye jalada la mtaala, linatajwa kwenye hotuba ya ufunguzi, kisha masomo yanaendelea kama jana. Afadhali tulishike kwa mfano wa pumzi zile zile.

Kujua kwamba mtu mzima aliyetulia huvuta pumzi kati ya 12 na 20 kwa dakika ni maarifa. Kuzihesabu bila mgonjwa kugundua kwamba unazihesabu, maana akigundua atazibadilisha, ni stadi. Umahiri ni kuiona 28, ukashtuka, ukaiunganisha na presha inayoshuka na mshono wa juzi, ukamwita anayehusika kwa maneno yatakayomfanya aje, na ukabaki na mgonjwa mpaka aje. Ndani yake mna maarifa na stadi, lakini mna pia uamuzi, mna mwenendo, na mna ujasiri wa mdogo kumwamsha mkubwa saa nane za usiku.

Wengi hapa hukimbilia hitimisho jepesi kwamba basi nadharia ipunguzwe, vitendo viongezwe. Sikubaliani nao. Binti wa kitanda cha sita alikuwa na vitendo vya kutosha. Vipimo vya asubuhi amechukua mara mia kadhaa. Alichopungukiwa ni nadharia inayoamka wakati mkono unafanya kazi. Ukimwongezea saa nyingine mia tano za kusukuma toroli, utapata msukuma toroli hodari zaidi.

Badiliko lenyewe liko kwenye saa. Mtaala wa mazoea unafunga muda na kuyaacha matokeo yaelee: wote watakaa miaka mitatu au minne, wote watafanya wiki nane wodi ya watoto, na mwisho mmoja atatoka na 88, mwingine na 51, wote wakiitwa wauguzi. Mtaala wa umahiri unataka kinyume chake, matokeo yafungwe na muda uelee. Kila mmoja atafika kiwango kile kile, ila huyu kwa wiki sita na yule kwa kumi. Ukisoma mtaala unaojiita wa umahiri na ukakuta hakuna popote unapogusa jambo hili, ujue mmepaka rangi nyumba ya zamani.

Tulifikaje hapa

Florence Nightingale alipofungua shule yake katika hospitali ya St Thomas', London, mwaka 1860, wanafunzi waliishi hospitalini na walijifunza kwa kufanya kazi wodini chini ya macho ya wauguzi wakubwa. Mfumo huo ulienea duniani, na ulikuwa na ubaya wake: hospitali nyingi zilimwona mwanafunzi kama mikono ya bure, na kujifunza kukawa ziada ya kazi. Karne ya 20 uuguzi ukahamia hatua kwa hatua kwenye vyuo na vyuo vikuu. Nadharia ikakua, heshima ya taaluma ikapanda. Lakini darasa na wodi zikaachana kama ndugu waliogombania urithi. Darasani wana vitabu vyao, wodini wana desturi zao, na mwanachuo anakaa katikati akijifunza kusema lugha mbili.

Wazo la kuanzia mwisho, yaani kuuliza kwanza mhitimu atatakiwa kufanya nini kisha ndipo upange masomo, si jipya kama linavyotangazwa. Mwaka 1978 Shirika la Afya Duniani lilichapisha kazi ya William McGaghie na wenzake juu ya mitaala ya udaktari iliyojengwa kwa umahiri. Mwaka 2010 tume ya wataalamu iliyoongozwa na Julio Frenk na Lincoln Chen iliandika katika jarida la Lancet kwamba elimu ya watu wa afya duniani imegawanyika vipande vipande, imepitwa na wakati na haisogei, na ikapendekeza umahiri uwe msingi wa mageuzi. Marekani, mwaka 2021, chama cha vyuo vya uuguzi cha AACN kilibadilisha miongozo yake na kuipanga katika nyanja 10 za umahiri zenye ngazi mbili, moja ya anayeingia kazini na nyingine ya muuguzi wa daraja la juu. Tangu hapo vyuo vingi huko vimo katika kubomoa na kujenga, na maswali yao yanafanana na ya kila anayegusa mtaala popote.

Anzia kitandani, rudi darasani

Kazi ya kuunda mtaala kwa kawaida huanza vibaya. Wakufunzi wanakutana, kila mmoja na orodha ya mada zake. Wa anatomia anataka saa 90, wa famasia anataka 80, wa saikolojia analalamika kwamba siku zote anaonewa. Wanavutana siku tatu, wanagawana saa, mwishoni mtu anapewa kazi ya kuweka neno "umahiri" mbele ya kila mada. Hapo umepata "umahiri katika anatomia ya figo". Hakuna muuguzi duniani aliyewahi kuajiriwa kwa anatomia ya figo.

Njia ya kugeuza ni kuufunga mlango wa mada kwanza. Chukueni kazi moja halisi ya muuguzi, isemeni kwa lugha ya wodini: "kumpokea na kumwangalia mgonjwa aliyerudi kutoka chumba cha upasuaji kwa saa 24 za mwanzo". Sasa ulizeni anayeifanya vizuri anaonekanaje. Kabla mgonjwa hajafika ameandaa kitanda, oksijeni na mashine ya kufyonza. Anapokea taarifa na kuuliza kilichoachwa. Anaangalia njia ya hewa kabla ya kuangalia faili. Anatazama bandeji, na akiona damu anachora mpaka wake kwa kalamu ili baadaye ajue kama imeenea. Anapima maumivu kwa kumuuliza mgonjwa, hakisii kwa kutazama uso. Anajua mkojo ukipungua chini ya kiasi fulani amwite nani.

Kila kipande hapo kinadai maarifa. Kuujali mkojo kunadai figo. Kuichora damu kunadai mzunguko wa damu na mshtuko unaotokana na kuipoteza. Maumivu yanadai famasia pamoja na saikolojia. Figo ya mkufunzi wa anatomia haijafutwa, imehamishwa tu kutoka kwenye kalenda yake mwenyewe kwenda pale inapohitajika, na itarudi tena mwaka unaofuata kwa mgonjwa mwenye kisukari, na tena kwa mama mjamzito mwenye presha ya kupanda, kila mara kwa kina zaidi. Naelewa kwa nini jambo hili linauma. Mtu amefundisha figo miaka ishirini, ana noti zake, ana michoro yake, leo unamwambia figo si somo tena. Mageuzi mengi hayafi kwa kukosa fedha. Yanafia kwenye kikao hicho.

Vipo vitu vichache ambavyo havikubali kuchanganywa hata kidogo, na hesabu za dawa ni kimojawapo. Dripu ya mililita 500 inatakiwa iishe kwa saa 8, mrija ulionao unatoa matone 20 kwa kila mililita. Mililita 500 mara 20 ni matone 10,000. Saa 8 ni dakika 480. Gawanya, unapata kama matone 21 kwa dakika. Hesabu ya darasani kabisa. Sasa tazama alama. Kwenye mfumo wa kawaida mwanachuo aliyepata 60 amefaulu. Kwa maana nyingine, katika dripu kumi amekosea nne, na chuo kimemwandikia cheti. Baadhi ya vyuo huweka kiwango cha mtihani huu kuwa asilimia 90 au 100, na asiyefika anarudia mpaka afike. Bila kutumia jina kubwa, hao walishaanza mtaala wa umahiri siku nyingi. Swali la kuwauliza ni kwa nini wameishia kwenye hesabu za dawa tu.

Mahali penye mgogoro: kupima

Mwaka 1990 George Miller, mwalimu wa elimu ya udaktari wa Marekani, alichora piramidi ambayo bado haijapata mpinzani. Chini kabisa ni anajua. Juu yake, anajua namna. Juu zaidi, anaonyesha namna. Kileleni, anatenda, yaani anafanya hivyo siku ya kawaida, wodi imejaa, hakuna anayemtazama. Mtihani wa kuandika unafika ghorofa mbili za chini na hauwezi kupanda zaidi hata ukiutunga vizuri namna gani.

Kwa ghorofa ya tatu tuna mtihani wa vituo, ule unaojulikana kwa herufi OSCE, ulioasisiwa na Ronald Harden na wenzake huko Dundee, Uskoti, na kuelezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1975. Kengele inalia, mwanachuo anaingia kituo cha kwanza: mgonjwa wa kuigiza ana maumivu ya kifua. Dakika chache, kengele, kituo cha pili: funga katheta kwenye sanamu la mafunzo. Kila kituo kina mtahini na orodha yake. Ni mtihani mzuri, wa haki kuliko ule wa zamani ambapo ungeangukia mkononi mwa mtahini mpole au mkali kwa bahati yako. Lakini bado ni maigizo. Mwanachuo anajua anatazamwa, anajua kila kituo kina jambo moja lililofichwa, na analitafuta. Kitanda cha sita hakikuwa na kengele.

Basi kinachobaki ni kumwona mtu akifanya kazi ya kweli, mara nyingi, kwa macho ya watu tofauti. Olle ten Cate wa Utrecht, Uholanzi, alitoa mwaka 2005 njia ya kuliweka hilo kwenye karatasi, ambayo wauguzi wameiazima kutoka kwa madaktari. Yeye anaacha alama kabisa na kuuliza swali ambalo kila muuguzi mkubwa hujiuliza kimoyomoyo: huyu naweza kumwachia? Ngazi ni tano. Atazame tu. Afanye mimi nikiwepo pembeni. Afanye peke yake, mimi nikiwa karibu wa kuitwa. Afanye bila msimamizi. Asimamie wengine. Uzuri wa swali hili ni kwamba watu wa wodini wanalielewa bila semina. Mwambie muuguzi mkuu ampe mwanachuo alama ya "fikra za uchambuzi" kati ya 1 na 5, atakuandikia 4 ili umwache aendelee na kazi. Muulize kama anaweza kumwachia mgonjwa wa kitanda cha sita usiku wa leo, atanyamaza, atafikiri, na jibu lake utaliamini.

Ukitaka kujua umbali uliopo kati ya nia na hali halisi, chukua kitabu cha mazoezi cha mwanachuo yeyote na ukifungue katikati. Ukurasa wa sindano za msuli: mistari 20, tarehe 20, sahihi 20. Sahihi zote kwa kalamu moja, mlalo mmoja, wino haujapauka hata mahali pamoja. Zimetiwa kwa mkupuo siku ya mwisho ya mzunguko, mwanachuo akiwa amesimama mlangoni na begi begani. Sisemi sindano hazikuchomwa. Huenda zilichomwa 30. Ila hakuna hata sahihi moja inayosema ya kwanza ilikuwaje na ya ishirini ilikuwaje, na kama kati yake kuna kitu kilibadilika.

Halafu kuna kubwa zaidi, ambalo karatasi haiwezi kulitibu. Mwaka 2003 Kathleen Duffy, mtafiti wa Uskoti, alichunguza kwa nini walezi, yaani wauguzi wanaowasimamia wanachuo wodini, huwapitisha hata wale wanaowatilia shaka. Majibu yake yanafahamika kwa kila aliyewahi kushika fomu ya tathmini: wanaanza kuona tatizo mapema lakini wanachelewa kulisema, wanaona uchungu kumwangusha mtu aliyefika mwaka wa mwisho, wanahofia karatasi na malalamiko yatakayofuata, wanajipa moyo kwamba wodi ijayo itamnyoosha. Na wodi ijayo inajipa moyo vivyo hivyo.

Hapa ndipo mtaala wa umahiri una dawa ambayo nadhani haijasifiwa vya kutosha, nayo ni neno "bado". Mfumo wa zamani unampa mlezi maneno mawili, amefaulu au ameanguka, na la pili ni kama hukumu ya mahakama. "Bado" haimfukuzi mtu. Inasema tutaonana tena, tatizo ni hili, zoezi ni hili. Mlezi mwenye huruma anaweza kuliandika bila mkono kutetemeka. Lakini neno hilo lina gharama: ukiliandika, lazima kuwe na wiki nyingine za kumpokea mwanachuo, kitanda cha kumpa, na mtu wa kumtazama. Chuo kisichoandaa nafasi ya "bado" kitajikuta kimerudi kwenye "amefaulu".

Kupima uamuzi

Mkono ukionekana, unapimika. Uamuzi uko kichwani. Christine Tanner mwaka 2006 aliupanga katika hatua nne: kugundua, kufasiri, kuitikia, kutafakari. Binti wetu alikwama mlangoni kabisa, kwenye kugundua. Marekani wameingiza jambo hili hadi kwenye mtihani wa leseni, NCLEX. Tangu Aprili 2023 una maswali yanayosimulia mgonjwa mmoja kwa hatua sita, kuanzia kutambua dalili zenye maana hadi kupima matokeo ya ulichofanya. Mtihani wa leseni ukibadilika, vyuo hubadilika hata vilivyokuwa vikibisha, maana hakuna mkuu wa chuo anayetaka wahitimu wake waanguke.

Ila njia rahisi ya kuusikia uamuzi ni kumsikiliza mtu anapopiga simu. Wakufunzi wengi hutumia mpangilio wa SBAR, uliotoka kwenye nyambizi za jeshi la majini la Marekani ukaingia hospitalini: hali ilivyo, historia, tathmini yako, unachopendekeza. Sikiliza simu ya kwanza:

"Samahani daktari, yule mzee wa kitanda cha sita hajisikii vizuri."

"Ana nini?"

"Joto limepanda kidogo."

"Mpe dawa ya kushusha, nitapita."

Na ya pili:

"Daktari, ni nesi wa wodi ya upasuaji. Mzee wa kitanda cha sita, upasuaji wa tumbo juzi. Pumzi 28, mapigo 118, presha imeshuka kutoka 130 ya jana hadi 98, joto 38.7. Tumbo limekuwa gumu. Nadhani ana maambukizi makali, nina wasiwasi naye. Naomba uje sasa hivi. Wakati nakusubiri, nichukue damu na nifungue dripu?"

Mgonjwa ni yule yule, na vipimo ni vile vile. Mkufunzi aliyesikia simu hizi mbili hahitaji mtihani wa kuandika kujua nani amefika na nani bado. Na tazama "nadhani" iliyomo kwenye simu ya pili: kuna wodi ambako mwanachuo akilisema neno hilo kwa daktari anaambiwa ajue nafasi yake. Mtaala hauwezi kumfundisha mtu kusema anachofikiri halafu wodi imfundishe kunyamaza.

Saa, sheria na sanamu za mafunzo

Nimesema muda uelee. Sheria mara nyingi zinasema usielee. Umoja wa Ulaya, kwa mfano, unadai muuguzi wa huduma za jumla apate mafunzo ya angalau miaka mitatu na saa 4,600, nusu yake au zaidi ikiwa mazoezi kwa wagonjwa na angalau theluthi ikiwa nadharia. Saa hizo zina kazi yake: zinamlinda mwanachuo dhidi ya chuo kinachotaka kumtoa kwa miezi kumi na minane, na zinamlinda mgonjwa pia. Kwa hiyo kwenye uhalisia vyuo vingi huishia kwenye mseto. Saa zinabaki kama sakafu, hakuna anayeruhusiwa kuwa chini yake, na umahiri unakuwa mlango wa kutokea. Wa haraka hamalizi mapema sana, ila wa polepole anaongezewa. Ni mseto usiopendeza machoni pa wenye nadharia safi. Mimi sioni ubaya wake.

Sanamu za mafunzo na wodi za kuigiza zinasaidia pale wagonjwa ni wachache na wanachuo ni wengi. Baraza la kitaifa la bodi za uuguzi Marekani lilitoa mwaka 2014 matokeo ya utafiti wa wanachuo zaidi ya 600 katika vyuo 10: hata nusu ya saa za wodini ilipobadilishwa na maigizo, matokeo yao hayakutofautiana na ya wenzao. Wanaouza sanamu za bei kali huipenda sana habari hii. Hawamalizii sentensi: wakufunzi wa utafiti ule walifunzwa maalumu, na baada ya kila igizo walikaa na wanachuo kulichambua. Mazungumzo yale ndiyo yaliyofundisha. Sanamu lisilo na mazungumzo ni mwanasesere wa gharama kubwa, na mkufunzi anayejua kuuliza anaweza kutumia mtu mzima aliyelala kitandani akijifanya kukohoa.

Wanaopinga wana hoja

Wapo wauguzi wenye uzoefu wanaouona mtaala huu kama njia ya kuikata huduma vipande vipande mpaka roho itoke. Wana haki ya kuogopa. Nimeona orodha zenye umahiri zaidi ya mia mbili, kila mmoja na vigezo vyake, na mlezi akigeuka karani wa kuweka alama za vema. Mwanachuo naye anajifunza kumtumikia mwenye fomu. Kwenye fomu kuna "amejitambulisha kwa mgonjwa", basi anajitambulisha kwa sauti kubwa akimtazama mtahini, mgonjwa amemgeuzia mgongo. Dawa ya hili ni uchache. Kazi kubwa kumi au kumi na tano, zilizochaguliwa kwa ugomvi wa kweli, zinazidi orodha ya mia mbili iliyokubaliwa na wote kwa sababu hakuna aliyeisoma.

Hoja yao ya pili ina uzito zaidi. Patricia Benner, katika kazi yake ya mwaka 1984, alieleza ngazi tano ambazo muuguzi hupitia, kutoka mwanagenzi hadi mbobezi, akijenga juu ya uchunguzi wa ndugu wawili, Stuart na Hubert Dreyfus, kuhusu marubani na wacheza sataranji. Ngazi ya tatu ndiyo aliyoiita ya umahiri, na kwa kawaida, alisema, muuguzi huifikia baada ya miaka miwili au mitatu kwenye kazi ya aina moja. Kwa kipimo hicho hakuna chuo kinachotoa mahiri. Kinatoa mtu wa ngazi ya pili, anayejua kanuni, anayeanza kuona mifumo, na anayehitaji mkubwa karibu. Mtaala unaoahidi "mhitimu mahiri aliye tayari kwa kila kitu" unamdanganya mwajiri, na mbaya zaidi unamdanganya mhitimu, ambaye usiku wake wa kwanza peke yake ataona aibu kuuliza. Ahadi ya kweli ni ndogo zaidi: orodha fupi ya kazi anazoweza kuachiwa tangu siku ya kwanza, na nyingine ambazo kwa miezi kadhaa hatazifanya bila mtu karibu. Hospitali ikipewa orodha hiyo, inajua pa kuanzia naye.

Mwaka wa kwanza wa mageuzi

Unapoanza kugeuza, ujue kwamba kwa miaka mitatu au minne mtaendesha mitaala miwili kwa pamoja. Wanachuo wa mwaka wa tatu wako kwenye wa zamani, wa mwaka wa kwanza kwenye mpya, mkufunzi ni yule yule, na asubuhi moja atajikuta anatoa alama kwa mfumo wa huku kwenye karatasi ya kule. Walezi wa wodini ndio wa kufundishwa kabla ya yeyote mwingine, na kwa kawaida ndio wanaokumbukwa mwisho, wakipewa kijitabu na chai. Njia ninayoiamini ni ndogo na ya kuchosha: waketi walezi sita, watazame video moja ya mwanachuo akifanya kazi, kila mmoja aandike ngazi yake bila kuchungulia ya mwenzake, kisha wafunue. Mara ya kwanza utapata 2, 4, 3, 5, 2, 4. Waache wabishane. Aliyetoa 5 aseme alichokiona, aliyetoa 2 aseme alichokikosa. Warudie wiki ijayo na video nyingine. Namba zitaanza kusogeleana baada ya ugomvi wa tatu au wa nne, na hapo ndipo fomu yenu inaanza kuwa na maana.

Tukirudi wodini: chini ya mtaala huo, asubuhi ile ya kitanda cha sita mlezi angekuwa hatua chache nyuma ya toroli. Asingemkatiza binti. Angemwacha aandike namba zote tano, amfunike mgonjwa shuka, ashike toroli. Kisha angeuliza, kwa sauti ya chini ili mzee asishtuke, "Hebu nisomee tena ulichoandika, halafu niambie unamwonaje." Wangemwita daktari kwanza, wote wawili, binti akishika simu. Fomu ingesubiri mpaka mzee ahudumiwe. Na mchana, kwenye mstari wa kumwangalia mgonjwa baada ya upasuaji, mlezi angeandika ngazi ya 2, tarehe, na maneno machache: vipimo vyote sahihi, hajaunganisha, nitakuwa naye tena Alhamisi, zamu ya asubuhi.